Nimeitumia SEINet kulifuatilia ua la Sunset Crater, haya ndo maoni yangu

Ndugu zangu mliopo Arizona na kwingineko mnaopenda mimea, leo nawaandikia kuhusu SEINet, maana watu wengi wanaingia Google wanaandika jina la ua, wanaona picha nzuri tatu nne halafu wanatoka wakijua wameshalifahamu ua lenyewe. SEINet ni saiti ya bure inayokusanya rekodi za mimea iliyokaushwa na kutunzwa kwenye hebaria (yaani maktaba za mimea mikavu) za vyuo, makumbusho na bustani za mimea, ilianzia kusini magharibi mwa Marekani na sasa imetapakaa mbali zaidi ya hapo. Hulipi hata senti, kutafuta tu hakuhitaji akaunti, na kwa mtu anayetaka kujua ua fulani lilichumwa wapi, lini na nani, mimi sijaona kitu kingine cha bure kinachoifikia kwa eneo lile. Nyota nne na nusu naipa bila kusita. Ila ina sharti lake moja kubwa na nitalirudia hapa mpaka mchoke: soma lebo iliyobandikwa kwenye karatasi ya mmea, usiikimbilie nukta ya kwenye ramani.

Ua nililolifuatilia linaitwa Penstemon clutei. Linaota kaskazini mashariki mwa mji wa Flagstaff, kwenye changarawe nyeusi za volkano kuzunguka Sunset Crater, ndani ya msitu wa taifa wa Coconino na kwenye hifadhi yenyewe ya Sunset Crater iliyotangazwa mwaka 1930. Porini halipo kwingine popote duniani, ni hapo tu kaskazini mwa Arizona. Najua watu wakisikia Arizona wanawaza joto na kaktasi, kumbe Flagstaff iko juu zaidi ya mita 2,000, misonobari ya ponderosa kila upande na theluji inaanguka kweli kweli, lakini ni msitu mkavu, na pale kwenye volkano ukavu wenyewe ni wa aina yake kwa sababu mvua ikinyesha maji yanapenya kati ya changarawe yanazama chini haraka, juu panabaki pakavu. Volkano ililipuka karibu mwaka 1085, ikamwaga majivu na changarawe kwenye eneo la zaidi ya kilomita 2,000 za mraba. Miaka ya 60 wanaanga wa Apollo walipelekwa kufanya mazoezi kwenye changarawe za upande huo kabla ya kwenda mwezini, mwaka 1967 wataalamu wakalipua baruti pale makusudi ili watengeneze mashimo yanayofanana na ya mwezini. Basi ardhi ya namna hiyo ndo ua hili linaipenda.

Kwa anayelitafuta kwa macho: shina limesimama, majani yana ukijani uliochanganyika na bluu na kijivu, pembeni yana meno meno, na yale ya juu yameungana mawili mawili kwenye kitako mpaka unaona shina limepita katikati ya jani moja. Maua ni ya waridi iliyokolea, umbo la tarumbeta ndogo. Jina la kisayansi lilitolewa mwaka 1927 na Aven Nelson, profesa wa Wyoming aliyeanzisha hebaria ya Rocky Mountain kule Laramie mwaka 1893, akalipa jina kwa heshima ya Willard Clute aliyekuwa mhariri wa jarida la mimea. Kwa hiyo kisayansi ua hili lina jina kwa karibu miaka mia tu, japo watu wamekaa karibu na volkano ile tangu enzi ilipolipuka.

Sasa tuje kwenye saiti. Ukiingia kuna sehemu ya kutafuta rekodi, unachagua hebaria unazozitaka au unaziacha zote, unaandika jina la mmea, ukipenda unaongeza jimbo, kaunti, jina la mkusanyaji na miaka. Majibu yanakuja kwa orodha, kwa jedwali au kwa ramani. Ushauri wangu anza na orodha. Ramani inavutia najua, kila mtu anataka kuona nukta, lakini orodha ndo inakuonyesha unashika nini mkononi.

Kila rekodi ina kifupi cha hebaria inayotunza sampuli. ASC ni Deaver Herbarium ya Northern Arizona University hapo hapo Flagstaff, ASU ni ya Arizona State University kule Tempe, ARIZ ni ya chuo kikuu cha Arizona kule Tucson, DES ni ya Desert Botanical Garden mjini Phoenix, MNA ni ya Museum of Northern Arizona, na RM ndo ile ya Laramie. Vifupi hivi ni vya dunia nzima, hata hebaria yetu kubwa ya Afrika Mashariki iliyopo Makumbusho ya Taifa Nairobi ina chake, ni EA. Ukishavizoea unasoma orodha haraka sana na unajua papo hapo karatasi iko mji gani, ukitaka kwenda kuiona kwa macho unajua uwaandikie nani.

Kitu cha kuangalia mapema ni nakala. Mkusanyaji akienda porini mara nyingi anachuma zaidi ya shina moja la mmea huo huo siku hiyo hiyo, yote anayapa namba moja, halafu moja linabaki kwenye hebaria yake na mengine yanagawiwa kwa hebaria nyingine. Ni utaratibu mzuri, hebaria moja ikiungua au ikiingiliwa na wadudu nyingine inabaki nayo. Lakini kwako wewe unayehesabu maana yake ni kwamba rekodi tano zenye mkusanyaji mmoja, namba moja na tarehe moja ni safari moja tu, mtu alisimama sehemu moja akachuma. Nimeshaona watu wanasema ua fulani lipo kwa wingi kwa sababu rekodi ni nyingi, ukizipitia zinarudi kwenye safari chache za watu wale wale. Halafu kuna hili ambalo lipo kwenye hebaria zote duniani, watu wanachuma karibu na barabara. Kwa Sunset Crater kuna ile barabara ya kuzunguka inayoingilia njia ya 89 kwenda mpaka kwenye magofu ya kale ya Wupatki, na ni kawaida wachumaji kusimama pale gari linapofika, kwa hiyo sehemu isiyo na rekodi usiandike kwamba ua halipo, andika kwamba hakuna aliyepeleka sampuli.

Sasa bonyeza rekodi yenye picha, hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Karatasi ni ngumu, karibu sentimita 29 kwa 42, mmea umebandikwa kwa gundi na vijiutepe, pembeni mara nyingi kuna kibahasha cha kuwekea mbegu na maua yaliyodondoka, chini kulia ndo lebo. Kuna karatasi moja nilikaa nayo muda mrefu sana. Maua yamepauka yamekuwa kahawia, huwezi kuamini yalikuwa waridi, ila majani ya juu yaliyoungana yanaonekana wazi kabisa, ukivuta picha karibu unaona meno yake moja moja, na kwenye mzizi kuna punje nyeusi za changarawe bado zimeganda. Lebo imepigwa taipu: changarawe za volkano, chini ya misonobari, mwinuko kwa futi, rangi ya ua, tarehe. Juu yake kimebandikwa kikaratasi kingine kidogo, mtaalamu mwingine amepita miaka mingi baadaye akalithibitisha jina, akaandika jina lake na mwaka. Yaani unaona watu wawili ambao pengine hawakuwahi kuonana wanazungumza juu ya shina moja, na wewe umekaa nyumbani unawasikiliza. Mimi kitu hiki kinanigusa sana, siwezi kuficha.

Hiyo rangi iliyoandikwa kwenye lebo msiione ndogo. Kule Arizona kuna ndugu zake wanaofanana nalo. Kuna Penstemon pseudospectabilis ambao ni ndugu yake wa karibu sana, na kuna Penstemon palmeri ambao nao majani yake ya juu yameungana, maua yake ni makubwa yamevimba, waridi hafifu, yananukia vizuri, na ndani ya koo la ua kuna ulimi wenye manyoya ya njano yaliyojaa. Porini ukiwa hai huwezi kuuchanganya na clutei hata kidogo. Ila ukishaukausha harufu imekwenda, rangi imekwenda, uvimbe wa ua umebanwa na presi, hapo unabaki na ulimi wenye manyoya kama ua limefunguliwa vizuri, na maneno ya mtu aliyeliona likiwa hai. Mkusanyaji aliyeandika rangi na harufu amewasaidia watu wa miaka mia ijayo. Aliyeandika jina na kaunti tu, mh. Ndo maana kwenye SEINet napenda sana ile sehemu ya historia ya utambuzi, inakuonyesha sampuli iliitwa nani mwanzo, nani akabadilisha, mwaka gani. Jina likiwa limebadilishwa mara kadhaa chukua tahadhari, fungua picha uangalie mwenyewe.

Haya, tuje kwenye nukta za ramani. Sampuli za kabla ya GPS kuwa kitu cha kawaida, yaani kabla ya miaka ya 2000 hivi, nyingi hazina kodineti, yaani namba za latitudo na longitudo, kwenye lebo. Kodineti unazoziona ziliwekwa baadaye na mtu aliyekaa ofisini akasoma maneno kama "karibu na Flagstaff" au "maili kadhaa kaskazini mwa mji" akakadiria. Lebo nyingine zinatumia ule mfumo wa Marekani wa kugawa ardhi kwa township na range, kipande kimoja ni maili moja ya mraba, mkadiriaji anaweka nukta katikati ya kipande na ua lenyewe linaweza kuwa zaidi ya kilomita moja kutoka hapo. Hii haina ubaya kabisa, ubaya ni mtu kuichukua nukta akaiweka kwenye simu akaenda nayo porini, au mwanafunzi akaziingiza zote kwenye programu ya kutabiri makazi ya mmea bila kuchuja. Kwa ua linalokaa kwenye changarawe za volkano moja kosa la kilomita tano linakupeleka kwenye udongo mwingine kabisa, na majibu yako yatasema ua linapenda udongo ambao halijawahi kuukanyaga.

SEINet yenyewe imekupa silaha za kujikinga. Ndani ya rekodi kuna nafasi ya kuonyesha kosa linaloweza kuwepo kwa mita, na nafasi ya kuonyesha kodineti zilipatikanaje na nani alizikadiria. Zisome. Pale hiyo nafasi ya mita ilipoachwa wazi mimi siitumii nukta kwa hesabu yoyote ya umbali, naitumia kujua kaunti basi. Njia nyingine inayosaidia sana ni mwinuko: chukua mwinuko ulioandikwa kwenye lebo, linganisha na mwinuko wa pale nukta ilipotua. Sunset Crater ni mlima wa karibu mita 300 kutoka chini yake na nchi yote ile ni vilima, kwa hiyo lebo ikisema futi 7,000 na nukta imetua futi 6,000 ujue kuna kitu hakijakaa sawa, rudi kwenye maneno ya lebo.

Halafu kuna suala linalowakera wengi, kufichwa kwa sehemu. Kwa mimea adimu SEINet inawaficha watu wa kawaida maelezo ya mahali, unaona jina, mkusanyaji na mwaka lakini kodineti na maneno ya mahali hamna, mpaka upewe ruhusa na unaonyesha unaitaka kwa kazi gani. Nimesikia watu wanalalamika eti data ya umma inafichwaje. Mimi nasema ifichwe. Arizona wizi wa mimea upo kweli, Saguaro National Park wameshafika hatua ya kuweka chipu ndani ya kaktasi ili zikiibiwa zitambulike, na penstemon ni maua ambayo wapenda bustani wanayatafuta sana. Ua ambalo makazi yake yote unaweza kuyazunguka kwa gari kwa siku moja, ukilitangazia dunia shina kwa shina unataka nini? iNaturalist, ile saiti ya watu kupakia picha za mimea na wanyama walioona, nao wanafanya hivyo hivyo, mmea ulio hatarini nukta yake wanaitupa ovyo ndani ya kisanduku cha digrii 0.2, kule ni kama kilomita ishirini na kitu. Tofauti ni kwamba kwenye SEINet mwanafunzi au mtafiti mwenye sababu ana mlango wa kubisha hodi, na hilo nalisifu.

Mtu atauliza, rekodi za majani makavu zina faida gani leo wakati kila mtu ana kamera mfukoni. Chukua suala la moto. Aprili 2022 moto ulioitwa Tunnel Fire uliunguza karibu ekari 19,000 upande ule na ukaingia mpaka ndani ya hifadhi ya Sunset Crater. Ukitaka kujua ua limerudi vipi lazima ujue kabla ya moto lilikuwa wapi, na hayo hayapo kwenye simu ya mtu, yapo kwenye karatasi za miaka ya nyuma. Na hadithi ya ua hili na moto ni tamu kweli. Watu waliona linajaa sehemu zilizoungua na chini ya miti iliyokufa, wakasema basi linapenda moto. Watafiti wa Flagstaff wakajaribu, sehemu nyingine wakachoma, sehemu nyingine wakachimba mtaro kukata mizizi ya misonobari, wakachapisha majibu mwaka 2001: kuchoma peke yake hakukulisaidia, kukata mizizi ndo kulileta miche kwa wingi mno. Kumbe shida yake ni misonobari inayolinyang'anya maji chini ya ardhi, moto unasaidia pale unapoua miti. Sasa rudi kwenye lebo zako usome tena yale maneno "chini ya misonobari", "sehemu ya wazi", "mti mkavu", unaanza kuyaangalia kwa jicho lingine. Hakuna safu ya jedwali iliyotengenezwa kwa ajili ya swali hilo, ni maneno ya mkusanyaji tu.

Vitu vingine kwa haraka. Unaweza kupakua rekodi zote kwa faili la jedwali ukafanyia kazi kwenye Eksel, na faili linakuja na safu nyingi sana, usiogope, utahitaji kama kumi tu. Kuna orodha za mimea kwa eneo, kuna ufunguo wa kutambua mmea kwa kubonyeza sifa zake. Ukiona jina limekosewa unaingia na akaunti unaacha maoni kwenye rekodi yenyewe, na hebaria husika ndo yenye uamuzi. Kwa simu ndogo sikushauri, ni kazi ya kompyuta, lile jedwali la matokeo linataka nafasi na picha za karatasi zinataka kioo kikubwa na bando la kutosha. Kiswahili hakuna, na lebo zenyewe ni Kiingereza cha mkato, kwa hiyo anayeanza awe na subira na zile herufi za kifupi.

Kitu ninachotamani watu wa nyumbani wakijue ni kwamba programu iliyo nyuma ya SEINet inaitwa Symbiota, ilitengenezwa Arizona State University na msimbo wake (code) uko wazi, taasisi yoyote inaweza kuichukua. Hebaria za Arusha, Dar es Salaam na Nairobi zina karatasi za mimea ambayo haipo popote duniani zaidi ya Usambara, Uluguru au pwani yetu, na mwanafunzi wa Morogoro anayetaka kuona karatasi ya mmea wa mlima anaouangalia dirishani kwake anastahili kuipata kwa urahisi ule ule ambao mimi napata ua la Flagstaff. Baadhi ya rekodi zetu zipo GBIF, ule mkusanyiko wa dunia ulioanzishwa mwaka 2001, anzieni huko.

Kama utapita Flagstaff na unataka kuliona ua likiwa hai, nenda mwanzoni mwa kiangazi, Juni ni mwezi mzuri, zunguka ile barabara ya hifadhi taratibu na uangalie kwenye changarawe tupu kati ya misonobari. Tembea kwenye njia iliyotengwa tu, nyayo kwenye changarawe zile zinakaa miaka, kupanda kileleni walishafunga tangu miaka ya 70. Usichume hata tawi moja. Ndani ya hifadhi na kwenye msitu wa taifa sampuli inachumwa kwa kibali, omba mapema, na ukishachuma peleka nakala Deaver.